Mkono na Moyo: Sheria ya Uingereza juu ya Kupiga na Kujeruhi

Mtakatifu Tomasi wa Akwino, katika Summa yake, anaeleza kwanza dhambi ya kuua. Halafu anaweka swali la pekee, la 65, juu ya mabaya mengine yanayotendewa mwili wa mtu: kukata kiungo, kupiga, kufunga. Maana amri ya tano haivunjwi kwa kuua tu. Sheria za serikali nazo zapasa kujibu: mtu aliyempiga mwenzake asimwue, tumpime kwa kipimo gani? Kwa jeraha au kwa nia? Tutazame jibu la Waingereza, kwani linatuonyesha wazi ugumu wa jambo lenyewe.

Sheria yao kubwa ni ya mwaka 1861, wakati wa Malkia Victoria, nayo ingali ikitumika. Makosa yamepangwa kama ngazi.

Chini kabisa ni kutisha na kupiga. Ukimfanya mwenzako aogope kwamba utampiga sasa hivi, umekwisha kosa, hata usipomgusa. Na kumgusa mtu bila ruhusa yake ni kosa lingine, ingawa hakuumia. Lakini kusukumana kwa kawaida, kama sokoni penye watu wengi, hakuhesabiwi. Kwa makosa hayo, sheria ya mwaka 1988 inaweka kifungo kisichopita miezi 6.

Ngazi ya pili ni fungu la 47: kutisha au kupiga kulikoleta madhara ya mwili. Hapo kifungo chaweza kufika miaka 5. Mwaka 1997 baraza la Malordi liliamua juu ya mtu aliyewapigia wanawake watatu simu mara nyingi, naye hakusema neno. Wakaugua akili kwa hofu. Malordi wakasema: kunyamaza kwaweza kuwa kutisha, na ugonjwa wa akili ni madhara ya mwili.

Ngazi ya tatu ni fungu la 20: kujeruhi, au kuleta madhara mazito. Jeraha maana yake ngozi imepasuka kabisa. Damu iliyovilia ndani peke yake haitoshi. Tena sherti mkosaji awe ametambua mbele kwamba tendo lake laweza kumwumiza mtu.

Ngazi ya juu ni fungu la 18. Tendo laweza kuwa lile lile na jeraha lile lile. Lakini likifanywa kwa kusudi la kuleta madhara mazito, adhabu yaweza kuwa kifungo cha maisha. Basi kati ya fungu la 20 na la 18, moyo ndio unaotenganisha miaka 5 na maisha yote.

Je, sheria hiyo inaufuata moyo pote? Hapana. Mwanamke mmoja alitaka kummwagia mwenzake bia. Bilauri ikamponyoka, ikavunjika, ikamkata yule mwingine. Mwaka 1991 Malordi waliamua kwamba ana hatia kadiri ya fungu la 47: alikusudia kumwagia bia, na yatosha, si lazima awe amewaza kwamba ataumiza. Zaidi ya hayo, fungu la 47 na la 20 yana kifungo kimoja, ijapokuwa makosa hayalingani. Kwa sababu kama hizo, mwaka 2015 Tume ya Sheria ya Uingereza ilishauri sheria hiyo iandikwe upya.

Tusiwacheke Waingereza. Mwamuzi haoni ndani ya mtu. Hana budi kuanza na kinachoonekana, tena yule aliyekatwa ana haki ya kulindwa, hata kama mkosaji hakutaka damu. Lakini sisi tunaojitayarisha kusikiliza maungamo, tujihadhari tusichukue mizani ya baraza na kuiweka penye kitubio. Kuna mtu aliyetoa damu bila kutaka, akilia kuliko kosa lake. Kuna mwingine aliyerusha jiwe kwa chuki, likapita pembeni, yeye aja na kusema: “Padri, sikumwumiza mtu.” Wa kwanza tumsaidie kulipa hasara na kupata amani. Wa pili tumwulize kwa upole: jiwe lile, ulitaka lifike wapi?