Nyayo Zinapowaka Moto Usiku

Saa nane za usiku ndipo nyayo zinapowaka. Mgonjwa wa kisukari anatupa shuka pembeni, maana hata likimgusa tu linauma, kisha anashuka kitandani akanyage sakafu apate ubaridi. Asubuhi anapita duka la dawa kununua diklofenaki. Haimsaidii, ananunua tena, na dawa hiyo ikitumiwa mfululizo huumiza figo ambazo kisukari kimekwisha kuzielemea.

Haisaidii kwa sababu hapa hakuna jeraha wala uvimbe. Kinachouma ni mshipa wa fahamu wenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka huuharibu, pamoja na vijishipa vya damu vinavyoulisha, nao hubaki ukipeleka ubongoni habari za moto usiokuwepo. Mishipa mirefu kuliko yote, inayotoka kiunoni hadi vidoleni, ndiyo huanza kuharibika. Ndiyo maana ganzi na kuchomachoma huanzia vidole vya miguu yote miwili, kisha hupanda taratibu.

Dawa zake zipo, ila ziandikwe na daktari. Amitriptilini ni dawa ya sonona, lakini kwa dozi ndogo, kwa kawaida kuanzia miligramu 10 hadi 25 usiku, hutuliza maumivu haya. Ukiandikiwa, usidhani umeonekana una wazimu. Huleta usingizi na kukausha mdomo. Mwenye ugonjwa wa moyo au presha ya macho aseme mapema. Zipo pia gabapentini na pregabalini. Zote huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, na inasikitisha kuona watu wakiziacha siku ya tatu. Sindano za vitamini B humfaa aliyepungukiwa, kama aliyetumia metformini miaka mingi akaishiwa B12. Vitamini B6 ikizidi mno, yenyewe huharibu mishipa hiyo.

Ninachokihofia zaidi ni moto kuzima wenyewe. Nyumbani watu hushukuru, kumbe mshipa umekufa. Kliniki, muuguzi humfumbisha mgonjwa macho, akamgusa unyayo kwa uzi mgumu wa plastiki hadi upinde. Anayehisi husema, “Hapo.” Mwingine hukaa kimya, uzi umeshapinda. Huyo ndiye atakayekanyaga msumari akaendelea na safari, au akaloweka miguu kwenye maji yatakayombabua, na kidonda kikioza akakatwa mguu. Kila jioni akague nyayo zake kwenye mwanga, au mjukuu amtazamie. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa, na maji ayapime kwa kiwiko. Kliniki avue viatu hata kama daktari hajamwambia.