Kutoka Kamembe hadi Palipopigwa Filamu: Unalipia Nini Hasa?

Mtu wa Rusizi akiamua kwamba likizo ya mwaka huu ataenda kuona mahali palipopigwa filamu, tena pawe kisiwani au kando ya maji, hesabu ya kwanza ni hii: safari itakula kiasi gani kabla hajafika? Kuiangalia sehemu yenyewe mara nyingi ni bure. Pesa inakwenda kwenye nauli, kibali, kiingilio, boti, kitanda na sahani ya chakula, na kila kimoja kina mwenyewe anayekingoja njiani. Nimezipima safari zinazozungumzwa sana hapa Kamembe, na nitasema wazi ipi inastahili akiba ya mshahara na ipi ibaki kwenye televisheni.

Ya kubaki kwenye televisheni ni Maya Bay. Huo ndio ufuo wa Thailand ulioonekana kwenye filamu ya The Beach ya mwaka 2000, ile ya Leonardo DiCaprio, na picha zake bado zinazunguka kwenye simu za vijana. Kiingilio cha hifadhi kwa mgeni mtu mzima ni baht 400, chini ya dola 15, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Utapanda ndege zaidi ya moja, utalala Phuket au Krabi, kisha utapanda boti. Wingi wa wageni uliumiza matumbawe hata serikali ikaufunga ufuo huo Juni 2018, na ulipofunguliwa Januari 2022 ulikuja na masharti: boti haziruhusiwi kuingia ghubani, wageni huingia kwa zamu ya saa moja, na kuogelea ni marufuku, unalowesha miguu tu. Kila mwaka pia hufungwa kwa muda, Agosti na Septemba. Masharti hayo ni ya haki kabisa, bahari ile ilihitaji kupumzika. Lakini kwa mtu anayetoka Kamembe, kutumia akiba ya mwaka mzima ili usimame saa moja mbele ya maji usiyoweza kuyaingia si biashara.

Zanzibar ni habari nyingine. Kwa msomaji wa Kiswahili hakuna kisiwa chenye haki zaidi ya kutembelewa kwa ajili ya filamu, kwa sababu ya Vuta N'Kuvute. Amil Shivji aliitoa mwaka 2021 kutoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaoneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka huohuo. Ni hadithi ya Yasmin, binti aliyeikimbia ndoa ya kuozwa, na Denge, kijana wa siasa za kudai uhuru, katika Unguja ya miaka ya 1950. Aliyeisoma riwaya shuleni akipita kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, kati ya kuta za chokaa na milango ya mbao iliyochongwa, hahitaji mtu wa kumweleza yuko wapi.

Sasa gharama. Kwenda Uganda au Kenya, Mnyarwanda anatosheka na kitambulisho, lakini Tanzania inataka pasipoti, kwa hiyo asiye nayo aanzie huko. Basi la Kigali kwenda Dar es Salaam linapita Rusumo na Dodoma, na ni zaidi ya siku nzima barabarani. Ukishuka Dodoma unaweza kumalizia kwa treni ya SGR, iliyoanza safari zake hadi hapo Julai 2024. Nauli ya daraja la kawaida Dodoma hadi Dar ilipangwa shilingi 31,000, na mgongo wako utakushukuru. Boti ya kasi ya Dar kwenda Unguja inachukua saa mbili hivi, na mgeni asiye mkaazi hutozwa dola 35 daraja la kawaida. Tangu Oktoba 2024 kuna pia bima ya lazima ya kuingia Zanzibar, dola 44 kwa mgeni mtu mzima. Boti ya kwenda na kurudi pamoja na bima hiyo ni dola 114. Kwa dola moja kwa faranga 1,450 hivi, ni zaidi ya faranga 165,000, na hujalala wala hujala. Mwenye pasipoti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki aulize kiwango chake kabla ya kulipa, kwa maana bei za wageni hazifanani.

Ukifika, uamuzi mkubwa ni wa kitanda. Wengi hukimbilia hoteli za Nungwi na Kendwa kwa sababu ya mchanga mweupe, halafu wanalipa teksi kurudi mjini kutafuta ile Unguja waliyoiona kwenye filamu. Ushauri wangu ni kulala Mji Mkongwe kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, ukatembea kwa miguu, ukala Forodhani jioni. Vichochoro havina kiingilio. Ukiweza kupanga safari iangukie wakati wa tamasha la filamu la ZIFF, ambalo makao yake ya miaka mingi ni Ngome Kongwe, utaona filamu za Waafrika ndani ya mji ambao wenyewe ni filamu. Safari hii ni ghali kwa mshahara wa hapa, lakini inalipa.

Kabla sijarudi nyumbani, onyo moja kwa mnunuzi: mahali pa hadithi na mahali palipopigwa filamu mara nyingi ni sehemu mbili tofauti. Watu wanakwenda Kigali kunywa kahawa ya bei kwenye Hôtel des Mille Collines wakiamini wamekaa ndani ya Hotel Rwanda ya mwaka 2004. Hoteli hiyo ndipo mambo yalipotokea, ila sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Afrika Kusini. Kwa upande mwingine, Shooting Dogs ya mwaka 2005 ilipigwa palepale Kicukiro, kwenye shule ya ETO ambako watu waliachwa mikononi mwa wauaji mwaka 1994. Vivyo hivyo The African Queen ya mwaka 1951: kamera za John Huston zilikuwa Kongo na upande wa Butiaba na maporomoko ya Murchison nchini Uganda, wakati meli ya Wajerumani iliyozaa hadithi ile, Graf von Götzen, ilikuwa ya Ziwa Tanganyika, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mtu anayesema "hapa ndipo walipopiga," uliza walipiga nini, na mwaka gani.

Nikirudi sasa Rwanda, Musanze ndiyo inayojulikana zaidi, kwa ajili ya Gorillas in the Mist ya mwaka 1988, ambamo Sigourney Weaver alimwigiza Dian Fossey. Sehemu kubwa ilipigwa huku kwetu milimani, pamoja na sokwe halisi wa msituni, ingawa kwenye baadhi ya matukio kulikuwa na waigizaji waliovaa mavazi ya sokwe. Hapa bei inategemea pasipoti uliyonayo. Tangu Mei 2017 mgeni wa kutoka nje hulipa dola 1,500 kwa kibali cha kuwaona sokwe, ambayo ni zaidi ya faranga milioni 2. Kwa bei maalumu, raia wa Rwanda na wa Jumuiya hulipa dola 200, kama faranga 290,000. Uganda mgeni hulipa dola 800 tangu Julai 2024, na raia wa Jumuiya hulipa shilingi 300,000 za huko, kiasi ambacho hata hakifiki nusu ya bei yetu maalumu. Anayetaka sokwe tu na ana muda wa kwenda Bwindi, hesabu iko wazi.

Ila anayetaka filamu hahitaji kibali hata kidogo. Kinigi kuna kituo cha Dian Fossey Gorilla Fund, kilichofunguliwa mwaka 2022, chenye maonesho ya maisha ya Fossey na ya sokwe aliowasoma tangu alipoanzisha Karisoke mwaka 1967. Kuingia ni bure. Unaomba nafasi mapema. Kwa familia yenye watoto sijaona nchini mahali panapotoa kingi kiasi hicho kwa nauli ya basi na chakula cha mchana peke yake. Watoto wanashika, wanasoma, wanasikiliza, halafu wanatoka nje wakiitazama milima yenyewe.

Na sasa ziwa letu. Nashangaa sana kwamba watu wa Rusizi wanalisahau kwenye hesabu hizi. Barabara ya kandokando ya Kivu kutoka Kamembe inapita mashamba ya chai ya Shagasha, inakata Nyamasheke, inafika Karongi na kuendelea hadi Rubavu, na miji hiyo miwili yote imepigwa filamu.

Rubavu ndiko Éric Barbier alikopiga Petit Pays, iliyotoka mwaka 2020 kutoka kwenye riwaya ya Gaël Faye. Hadithi ni ya Bujumbura, lakini Gisenyi, mji wa Rubavu, ndiyo iliyovaa sura ya Bujumbura: nyumba za zamani zenye baraza pana, miti mikubwa, barabara inayoteremka majini. Kutembea kwenye ufuo wa mji ni bure. Jirani yangu aliyezaliwa Bujumbura aliitazama filamu ile kwanza, kisha akaenda Rubavu, na aliporudi hakusema mengi ila kwamba atapeleka na wanawe. Usiku mmoja Rubavu kwenye nyumba ya wageni ya mapadri au ya kawaida unatosha, na hoteli za ufukweni zinaweza kukutoza mara kadhaa ya hiyo kwa ziwa lilelile.

Karongi inataka moyo tofauti. Hapo, Kibuye ya wakati ule, ndipo Nick Hughes na Eric Kabera walipopiga 100 Days, iliyotoka mwaka 2001, filamu ndefu ya kwanza ya kuigiza kuhusu mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hughes alikuwa mpiga picha aliyenasa mauaji ya Kigali kwa kamera mwaka 1994, na walichagua kupiga filamu mahali ambapo watu walikuwa wameuawa kweli. Kwa hiyo asiende mtu pale kujipiga picha za mapozi kwenye ngazi za kanisa. Nenda kwenye kumbukumbu iliyo kando ya kanisa, ukae kimya, uache mchango ukiweza. Mimi naamini filamu ile inapaswa kutazamwa kabla ya kwenda, na kijana asiyeielewa historia hiyo afuatane na mkubwa wa kumweleza.

Siku ya pili ndiyo ya visiwa. Karongi kuna Amahoro, ambako unaweza kuogelea na kula, na kuna kile wanachokiita Napoleon kwa sababu kina umbo la kofia, chenye popo wengi ajabu. Mwongoza watalii akipiga makofi anga linakuwa jeusi. Bei ya boti huwa ni ya maelewano, na hapa ndipo wageni wanapopoteza pesa. Kijana wa boti aliwahi kunitajia bei, nikadhani ni ya mtu mmoja, nikaanza kulalamika. "Hapana, mama," akasema, "hiyo ni ya boti nzima. Leta wenzako hata saba, bei ni ileile." Tangu hapo nawashauri watu: ngojeni gatini asubuhi, unganeni na abiria wengine, gawaneni. Kubalianeni kabla ya kuondoka kuhusu visiwa vingapi, saa ngapi, na kama mafuta yamo ndani ya bei. Jaketi la kuokolea lifungwe kifuani, lisikaliwe. Jioni omba sambaza wa kukaanga, wale dagaa walioletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950: huliwa wazima, kichwa na yote, kwa ndimu na pilipili, na sahani moja inawatosha wawili.

Wapo watakaouliza kuhusu Idjwi, kisiwa kikubwa kuliko vyote ziwani. Kipo upande wa Kongo, na kwa hali ilivyo ng'ambo tangu Bukavu ilipotekwa na waasi wa M23 Februari 2025, simshauri mtu apeleke familia yake huko kwa likizo.

Uamuzi wangu basi: mwenye akiba ya mwaka na pasipoti aende Unguja, alale Mji Mkongwe. Mwenye mshahara wa kawaida na siku tatu nne achukue Karongi na Rubavu. Mwenye watoto aongeze Kinigi. Na tiketi ukatie gare ya Kamembe, basi la asubuhi, uombe kiti cha upande wa dereva: ukielekea kaskazini, ziwa lipo upande huo njia nzima.