Kuta za Nani, Ardhi ya Nani: Kununua Nyumba Mombasa

Anayenunua nyumba Nakuru au Eldoret hununua kiwanja, na nyumba iliyosimama juu yake humfuata. Sheria ya kawaida ya Kenya inasema hivyo: kilichojengwa juu ya ardhi ni mali ya mwenye ardhi. Mombasa kuna njia nyingine. Majengo, Kisauni, Likoni na Changamwe, familia nyingi zinaishi katika nyumba zilizojengwa au kununuliwa kwa fedha zao wenyewe juu ya viwanja vya watu wengine, na kila mwezi humpelekea mwenye kiwanja kodi yake. Mpango huo unajulikana hadi mahakamani kwa jina lake la mtaani, nyumba bila ardhi. Mgeni asiyeufahamu anaweza kutoa akiba ya miaka mingi akidhani amepata kiwanja, kumbe amepata kuta na mabati.

Ndiyo maana mteja anayekuja na habari ya nyumba ya bei nafuu Mombasa huulizwa kwanza anauziwa nini hasa. Huenda anauziwa ardhi pamoja na nyumba. Huenda ni nyumba peke yake. Huenda ni fungu la mirathi ambayo haijagawanywa, au ni jengo lililosimama juu ya ardhi ya wakfu. Mali ya kila aina kati ya hizi ina haki zake na thamani yake. Balaa huanza pale aina moja inapouzwa kwa jina na kwa bei ya nyingine, na ramani ya dalali haitakuonyesha tofauti hiyo.

Chimbuko la jambo hili ni la zamani. Katika desturi za pwani na katika sheria ya Kiislamu, mti au jengo linaweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine. Mnazi ni wa aliyeupanda, hata kama shamba ni la jirani. Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa maili kumi kwa niaba yake, na kwa hiyo serikali ya kikoloni ikakuta mfumo wa umiliki ambao usingeweza kufutwa kwa kalamu. Mwaka 1908 ilitungwa sheria ya kusajili madai ya ardhi pwani. Aliyedai ardhi alitakiwa kufika mbele ya msajili na ushahidi wake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Mfalme. Waliokuwa na nyaraka na waliozoea kazi za mahakama, yaani wenye mali wa Kiarabu, Waswahili wa mjini na wafanyabiashara wa Kihindi, walipata vyeti. Wamijikenda wengi, waliolima ardhi kwa ukoo bila karatasi, walikosa. Kidonda hicho hakijapona hadi leo, na kila anayenunua ardhi Kisauni au Likoni ananunua ndani ya historia hiyo.

Sheria hiyo ya 1908, hata hivyo, iliruhusu cheti cha ardhi kionyeshe kwamba jengo au miti iliyomo ni ya mtu mwingine. Tayari reli ilikuwa imeanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, bandari ya Kilindini ikapanuka, na wafanyakazi wakaja kutoka kila upande wakihitaji mahali pa kulala. Wenye viwanja waliona afadhali wakodishe ardhi tupu kuliko kujenga. Mpangaji alijenga nyumba ya Kiswahili kwa miti, udongo na mawe: ukumbi katikati, vyumba kila upande, ua nyuma, baraza mbele. Aliishi katika chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki. Sheria ya 1908 ilifutwa mwaka 2012, zilipotungwa sheria mpya za ardhi, lakini mpango wenyewe ungalipo.

Anayenunua nyumba ya namna hii anapata jengo na ruhusa ya kulikalisha pale maadamu analipa kodi ya kiwanja. Hapati hatimiliki. Benki haitaipokea nyumba hiyo kama rehani. Wengine hujifariji kwa ile kanuni ya miaka 12, kwamba aliyekaa muda huo juu ya ardhi ya mtu bila kusumbuliwa anaweza kuidai. Kanuni hiyo haiwasaidii, kwa sababu wao wanakaa kwa idhini ya mwenye ardhi, na kila risiti ya kodi ni ushahidi wa idhini hiyo. Mwenye kiwanja naye anaweza kuiuza ardhi wakati wowote kwa mjenzi wa maghorofa, kisha mwenye nyumba akaletewa notisi ya kuondoka. Haki ya kubomoa na kuchukua vifaa vyako haina faida kubwa ikiwa kuta ni za udongo na mawe ya matumbawe.

Wako mawakili wanaowaambia wateja wao wasiguse kabisa nyumba bila ardhi. Mimi siafikiani nao. Nyumba hizi zimewalea na kuwasomesha watoto wa makuli, mabaharia na mama wapishi ambao wasingeweza kamwe kununua kiwanja kisiwani. Nyumba yenye vyumba sita vya kupangisha inaweza kurudisha fedha zake. Ila ihesabiwe kama biashara ya kodi, kwa miaka ambayo una hakika utakaa nayo, na bei yake iwe mbali kabisa na bei ya nyumba yenye ardhi. Ukisikia mtaani kwamba mwenye kiwanja ameshaanza kuzungumza na wanunuzi, ondoka.

Ukiamua kununua, nenda kwa mwenye kiwanja mwenyewe kabla hujamlipa muuzaji hata shilingi. Hakikisha hatimiliki iko kwa jina lake, au kwamba anayepokea kodi ana mamlaka ya kuipokea. Tazama risiti za muuzaji, kwa kuwa malimbikizo ya kodi yatakuangukia wewe. Mkataba uwekwe saini na watu watatu: muuzaji, mnunuzi na mwenye kiwanja. Wenye viwanja wengi hudai ada kwa kukubali jina jipya. Hiyo ni kawaida, lakini iandikwe. Pigania vifungu vitatu: muda wa notisi, namna fidia itakavyokadiriwa, na haki yako ya kuuziwa kiwanja kwanza kabla hakijapelekwa kwa mtu wa nje. Kifungu hicho cha mwisho kingestahili kuwa sheria kwa kila mwenye nyumba bila ardhi pwani, na Bunge lingekuwa limewatendea haki watu waliojenga mitaa hii kwa mikono yao. Kwa sasa unakipata kwa kukiomba. Uliza pia unaruhusiwa kujenga kwa vifaa gani. Wenye ardhi wengi hukataa mawe na zege kwa sababu jengo la kudumu huongeza mzigo wa fidia, na ghorofa lililojengwa bila idhini huwa mwanzo wa kesi.

Ukivuka kuingia Mji wa Kale, kuanzia Kibokoni hadi Ndia Kuu, swali hugeuka. Huko mara nyingi ardhi na nyumba ni za familia moja, lakini familia yenyewe haijui tena ni ya watu wangapi. Chukua mfano rahisi wa Mwislamu aliyefariki akaacha mke, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike. Nyumba ikigawanywa mafungu 40, mke anapata matano, kila mwana wa kiume 14, na binti saba. Hicho ni kizazi cha kwanza tu. Wana hao wakifariki bila mirathi kufunguliwa, mafungu yao yanagawanyika kwa wake na watoto wao, na baada ya vizazi vitatu warithi wametapakaa Mombasa, Muscat, Jeddah, London na Toronto. Binamu aliyebaki ndani ya nyumba ndiye anayeshika ufunguo, na ndiye atakayekutajia bei. Yeye ni mrithi mmoja kati ya wengi.

Sheria ya Kenya hairuhusu msimamizi wa mirathi kuuza ardhi ya marehemu kabla ya mahakama kuthibitisha usimamizi wake. Kwa Waislamu shauri hilo linaweza kusikizwa na Mahakama ya Kadhi, na huko ndiko orodha ya warithi huchambuliwa. Isome orodha hiyo jina kwa jina. Mara nyingi jina linalokosekana ni la mwanamke: binti aliyeolewa Lamu au Unguja, mke wa pili, shangazi aliyeambiwa kwamba nyumba ni ya ndugu zake wa kiume. Sharia ilimpa fungu lake waziwazi, na anayenunua nyumba aliyodhulumiwa ndani yake amenunua dhuluma pamoja na kesi. Warithi walioko ng'ambo watie saini hati ya uwakili mbele ya ofisa anayetambuliwa, na hati hiyo isajiliwe Kenya. Ujumbe wa simu kwamba "sisi sote tumeridhia" haumfungi mtu.

Wakfu ni jambo zito zaidi, kwa kuwa hapo hakuna saini itakayokuokoa. Mali iliyowekwa wakfu, iwe kwa msikiti, kwa masikini au kwa kizazi cha mtoaji, haiuzwi wala hairithiwi. Wanaofaidika hutumia pato lake tu. Kenya ina Tume ya Wakfu inayosimamia mali hizo chini ya sheria iliyoanzia 1951 na kufanywa upya mwaka 2022, na afisi yake iko Mombasa. Wakfu wa kizazi ndio unaowapoteza wengi, maana wajukuu wanaoishi ndani wanajiona wenye mali na huenda wanauza kwa nia njema kabisa. Kwa nyumba yoyote ya kale kisiwani, uliza afisini kwa Tume hata kama hatimiliki inaonekana safi.

Tuseme basi ardhi ni ya muuzaji, warithi wametimia na wakfu haumo. Lipo jengo lenyewe. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa vyumba. Ukuta wa chokaa hupitisha unyevu nje. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, lipu hufura na kumomonyoka, na ncha za boriti zilizo ndani ya ukuta huoza bila kuonekana. Nyumba iliyopakwa rangi mpya wiki ya kuuzwa ichunguzwe zaidi kuliko ile yenye ukuta uliochakaa. Nenda na fundi anayejua chokaa, apande darini achokonoe boriti kila ncha. Hao mafundi wamebaki wachache, na gharama ya kazi yao iingie katika hesabu yako tangu mwanzo.

Tena huna uhuru wa kubomoa na kuinua ghorofa tano. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi chini ya sheria ya makumbusho na turathi, na Fort Jesus iliyo ukingoni mwake imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011. Mabadiliko ya sura ya nje, roshani, milango ya kuchonga na kimo cha jengo yanahitaji idhini ya wahifadhi pamoja na ile ya kaunti. Wapo wanunuzi wanaoliona hili kama kikwazo. Kwangu mimi ndilo linalolinda thamani ya kile wanachokinunua, kwani jirani naye amezuiwa kuziba upepo wako.

Taratibu zilizobaki ni zile za Kenya nzima. Fanya sachi katika afisi ya usajili wa ardhi, kwa namba kamili ya kiwanja. Kisiwani viwanja hutajwa kwa bloki zenye namba za Kirumi, na kosa la herufi moja hukupeleka kwenye kiwanja kingine. Mpima ardhi akuonyeshe bikoni. Idhini ya mke au mume wa muuzaji iandikwe. Malipo ya awali kwa kawaida ni asilimia 10, na yakae kwa wakili hadi uhamisho ukamilike. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 na hulipwa na mnunuzi. Muuzaji hulipa kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, na wauzaji wengi hujaribu kuisukuma kwa mnunuzi ndani ya bei. Kwa fleti za Nyali au Kizingo, hakikisha umiliki umehamishwa chini ya sheria ya 2020 inayompa kila mwenye fleti hatimiliki yake.

Asiye raia hawezi kumiliki ardhi Kenya zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Hili linawagusa jamaa wengi wa Ghuba wanaotaka kununua tena nyumba ya babu. Aliyezaliwa raia wa Kenya akapoteza uraia kabla ya Katiba ya 2010 anaweza kuuomba tena, na ni heri aanze na afisi ya uhamiaji kabla ya kuanza na dalali. Kutia saini kwa jina la binamu aliye raia, ili "akuwekee", ni kumpa binamu nyumba. Akifariki, watakaorithi ni watoto wake.