Sauti Inayopita Kisogoni
Mtu wa Kabondo, Kisangani, akiamka na kizunguzungu, nyumbani watasema malaria. Kama ameanza kumeza kinini, watasema kinini, maana hata dawa hiyo huvumisha masikio na kuzungusha kichwa. Mara nyingi wanasema kweli. Lakini kizunguzungu cha ghafla chenye kuona vitu viwili-viwili, kuyumba kama mlevi au kushindwa kumeza, hicho ni cha kukimbizwa hospitali saa ile ile. Huenda damu haifiki nyuma ya ubongo. Karibu kiharusi kimoja kati ya vitano vya mshipa kuziba hutokea huko, na mara nyingine mikono na uso hubaki vizima, ndiyo maana hudanganya hata waganga.

Huko damu huletwa na mishipa miwili inayopanda ndani ya mifupa ya shingo, ikaingia kichwani kwa tundu kubwa la chini ya fuvu, kisha ikaungana. Mwaka 1927, Lisbon, daktari Egas Moniz alilazimika kuingiza dawa ndani ya mshipa wa shingo ndipo mishipa ya ubongo ionekane kwa eksirei. Leo IRM, picha ya sumaku, huionyesha bila sindano, ila ni mashine ya bei kali.

Mwaka 1982 Rune Aaslid, Mnorwe, na wenzake walipitisha sauti ya ekografi kwenye mfupa mwembamba wa panja na kupima mwendo wa damu ubongoni. Kwa mishipa ya nyuma njia ni rahisi zaidi: mgonjwa huinamisha kichwa, chombo huwekwa kisogoni, sauti hupita tundu lile lile. Damu inayokuja hupandisha sauti, inayokwenda huishusha, kama honi ya pikipiki inayokupita. Kisogoni damu ya mtu mzima wa afya hukimbia ikikiacha chombo. Ikirudi nyuma, huenda mshipa wa mkono umeziba kabla ya tawi linalopanda shingoni, na mkono unaiba damu ya ubongo!

Chombo hiki husikia tu, hakichori mshipa wote. Jibu zuri haliondoi hatari, na mkono usiozoea hupotea. Hata hivyo, kwa Kisangani ningekiomba kwanza. Kati ya watoto wachanga 520 waliopimwa mjini humo, katika utafiti uliochapishwa 2010, karibu asilimia 1 walikuwa SS, yaani wenye ugonjwa wa selimundu. Kwa watoto kama hao, damu ikipita kwenye mishipa ya mbele kwa sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, hatari ya kiharusi huwa kubwa; utafiti wa Marekani wa 1998 ulionyesha kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara hupunguza hatari hiyo kwa asilimia 92.