KOBE WAKO AMELALIA NINI?

Ukimfuga kobe nyumbani, bila shaka umeshafikiria sukumawiki na mahali pa kuota jua. Je, umefikiria kile anachokanyaga usiku na mchana?

Wengi humwaga mchanga wa ujenzi kizimbani, wakidhani kobe ni mnyama wa jangwa. La hasha! Kobe tunayemjua zaidi nchini, yule mwenye gamba la madoadoa, ni mkazi wa mbuga zenye nyasi. Majani yakiwekwa juu ya mchanga mtupu, humeza chembechembe pamoja na chakula. Mchanga huo hukusanyika na unaweza kuziba matumbo. Mnyama huacha kula, huacha kwenda haja, na wewe unadhani amelala tu. Mwekee chakula juu ya jiwe bapa au kigae.

Maranda ya seremala je? Ni ya bure, lakini hujui yametoka kwa mti gani wala kama ubao ulitiwa dawa. Maranda ya mtarakwa ndiyo ya kuogopwa zaidi: mafuta yanayoyapa harufu ile nzuri hudhuru mapafu, na pua ya kobe haiko mbali na sakafu. Gazeti (hata hili, ukishalisoma) linafaa kwa siku chache kobe akiwa mgonjwa, ili uone kinyesi chake. Hata hivyo, halichimbiki na huteleza miguuni.

Kwa kobe mchanga, changanya udongo usiotiwa mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu na makumbi ya nazi yaliyosagwa, kina cha sentimita 10 hivi. Nyunyiza maji ili tabaka la chini liwe na unyevunyevu na la juu libaki kavu. Finya konzi moja: ishikamane bila kudondosha maji. Kobe mdogo anayelelewa kwenye ukavu mtupu huota gamba lenye vinundu, navyo havirudi kuwa laini maisha yake yote, ambayo yanaweza kupita miaka 50. Ukizidisha maji na kuacha uchafu, gamba la tumboni litaoza. Basi ondoa kinyesi kila siku.

Kobe mkubwa apewe uwanja wenye nyasi, na kibanda chenye nyasi kavu za kutosha kwa baridi ya Julai.

Usimwokote porini. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inadai leseni, na wa kuuliza ni Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS).

Mwisho, watoto wanawe kwa sabuni kila wanapogusa kobe au matandiko yake, kwani kobe mwenye afya anaweza kubeba viini vya salmonela. Ni kwa ajili ya viini hivyo Marekani ilipiga marufuku, mwaka wa 1975, uuzaji wa kobe na kasa wadogo wenye gamba lisilofika inchi 4.