Jina la Mtu ni Amana

Majina ya watu wa visiwa vyetu si maneno matupu yaliyookotwa njiani. Kila jina lina mlango liliopitia: lipo lililoingia kwa dini, lipo lililoingia kwa siku na mwezi, lipo lililoingia kwa cheo, na lipo lililoingia kwa machozi. Leo twapenda kuwazindua ndugu zetu wasomaji, na khasa wale wanaoshika kalamu za Serikali maafisini, juu ya jambo hili ambalo wengi hulidharau mpaka siku litakapowasimamisha mlangoni.

Tuanze na majina ya nyakati. Mtoto wa kiume aliyezaliwa Ijumaa wazee walimwita Juma, na wa Alkhamisi wakamwita Khamis. Wa kike wakawa Mwanajuma na Mwanakhamis. Miezi ilitoa Rajab, Shaaban na Ramadhan. Sikukuu ilitoa Idi na Mwanaidi, usiku wa ishirini na saba wa Rajab ukatoa Miraji, Mfungo Sita ukatoa Maulidi, na Mfungo Tatu, mwezi wa kuhiji, ukatoa Haji. Aliyezaliwa usiku aliitwa Chausiku, wa mvua akaitwa Mwanamvua, na mabinti waliofuatana kwa mama mmoja wakawa Mosi, Pili na Tatu. Kwa njia hiyo jina ndilo lililokuwa cheti cha kuzaliwa kabla ya kuwapo karani wa kuandika vyeti.

Majina mengine yalikuwa vyeo. Khatib ni yule apandaye mimbari kutoa hotuba. Faki ni mjuzi wa sheria ya dini. Sheha na Jumbe ni wakuu wa miji na vijiji. Mwinyi ni mwenye kumiliki, na mtawala wa wenyeji wa Unguja aliitwa Mwinyi Mkuu, ambaye magofu ya jumba lake yangalipo Dunga hata leo. Wajukuu wanaoitwa kwa majina hayo hawashiki tena vyeo hivyo, lakini jina limehifadhi habari ambayo hakuna aliyeiandika kitabuni.

Yapo pia majina ya huzuni na ya kinga. Mama aliyezika watoto wawili watatu alimwita anayemfuatia Mashaka, au Tabu, au Subira. Wengine waliwapa watoto wao wa kuzaa, watoto waungwana, majina ya Mtumwa na Kijakazi, ili jicho la husuda limdharau mtoto na mauti yampite kando. Mgeni anayelisikia jina hilo na kudhani kwamba ameijua nasaba ya mwenye nalo, hujidanganya. Lile analolidhani kuwa aibu lilikuwa ni dua ya mzazi.

Hapa hatuna budi kusema juu ya majina ya utumwa wenyewe. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897. Kabla ya hapo, mtu aliyetekwa bara alinyang'anywa kwanza uhuru wake, kisha jina lake. Tajiri alimwita apendavyo: Feruzi, Almasi na Marjani kwa majina ya vito, Mabruki na Faraji kwa kutaraji baraka na nafuu, na baraka hiyo ilikuwa ya tajiri, wala si ya aliyeitwa. Yupo Myao mmoja aliyetekwa angali mtoto, akapelekwa Bara Hindi, akarejea Unguja akiwa huru, na baadaye akawaongoza Speke, Stanley na Cameron katika safari zao za bara. Vitabu vya dunia vinamjua kwa jina la Sidi Mubarak Bombay. Mtu aliyewaonyesha njia wasafiri mashuhuri ameingia katika tarikhi kwa jina la mji wa watu wengine.

Hatuyataji haya ili mtu aende kuchimbua majina ya jirani yake. Feruzi na Almasi wa leo ni raia kama Khatib na Mwinyi, na jina alilompenda nalo baba yake limekwisha kusafika. Wazee walituusia kuwa mwacha asili ni mtumwa, lakini hawakutuusia kuitumia asili kuwa fimbo ya kumpigia mwenzetu. Wapo mpaka hivi leo watu ambao wakisikia jina la mtu hupima mara moja anatoka wapi, ni wa nani, na ana haki gani ya kusema mbele za watu. Mwendo huo uliwahi kutugawa, na hatuoni kheri yoyote katika kuufufua.

Sasa tuje katika mpango wa majina yetu, maana hapo ndipo penye dhiki ya kila siku. Sisi wa visiwani kwa desturi hatuna jina moja la ukoo lirithiwalo na wote. Mtu huitwa kwa jina lake, akafuata baba yake, kisha babu yake. Na mara nyingi mtoto hupewa jina la babu: Rais wa kwanza wa Zanzibar alikuwa Abeid Amani Karume, na mwanawe aliyeongoza tangu mwaka 2000 hadi 2010 ni Amani Abeid Karume. Mwanamke naye haliachi jina la baba yake kwa kuolewa, kwani ndoa humpa mume, haimpi baba mwengine. Desturi hii inakubaliana na mafunzo ya dini, maana aya ya 5 ya Suratul Ahzab iliagiza hata watoto wa kulea waitwe kwa baba zao.

Lakini fomu nyingi zinazojazwa maafisini zina kisanduku cha "jina la ukoo", kilichobuniwa kwa watu wa desturi nyengine. Tuchukue mfano. Baba ni Juma Haji Ame. Mwanawe ni Makame Juma Haji. Mjukuu ni Vuai Makame Juma. Kwa mtu wa shehia hiyo, hawa ni mlolongo ulio wazi kama shanga katika uzi mmoja. Kwa karani anayesoma neno la mwisho tu, hawa ni Ame, Haji na Juma, watu watatu wasiohusiana.

Hasara yake si ndogo. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, familia nyingi ziligaiwa eka tatu tatu. Waliopewa wengi wamekwisha kufariki, na wajukuu wanatakiwa wathibitishe kwamba aliyetajwa katika hati ndiye babu yao. Mwaka 2016 Serikali ilianzisha Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, na mzee lazima atambulikane ndipo alipwe. Ikiwa cheti kimoja kinasema Khamis na kitambulisho kinasema Hamisi, huku Mbarouk, kule Mbaruku, bi kizee wa kisiwani atavuka bahari mara ngapi kutetea herufi moja?

Lipo na kosa jengine la kalamu. Abdulrahman ni mja wa Mwingi wa Rehema, na Abdulkadir ni mja wa Mwenye Uweza. Karani akikata na kuandika Abdul peke yake, amebakisha "mja wa" bila ya kumtaja Bwana wa huyo mja. Hilo ni jina lililokatwa kichwa.

Kwa hivyo, twawaomba watendaji wetu mambo matatu. Kwanza, mtu aulizwe jina lake na baba yake na babu yake, lisomwe kwa sauti mbele yake, ndipo liandikwe. Na litakaloandikwa katika cheti cha kuzaliwa ndilo lifuatwe skuli, katika kitambulisho na katika hati za kazi. Pili, mwanamke asilazimishwe kuandikwa kwa jina la mumewe. Tatu, penye hitilafu ya herufi, ushahidi wa sheha na wazee wa mtaa utumike kuimaliza shida hapo hapo, badala ya kumrejesha mnyonge mwanzo wa safari.

Wananchi nao wasijifiche nyuma ya makarani. Mzazi anayebadilisha jina la mtoto kila anapohama skuli, au anayeazima jina la mwengine ili apate nafasi, humtegea mwanawe mtego. Lugha yetu imeziweka karibu mno kauli mbili: ubini ni jina la nasaba ya mtu, na kubini ni kughushi. Ni juu yetu kuchunga zisije zikawa kitu kimoja.

Mali ya mtu huweza kupotea na kupatikana tena. Jina likiharibiwa daftarini, wanaoumia ni wajukuu ambao bado hawajazaliwa. Basi kila aliyekabidhiwa kalamu na ajue kuwa ameshika amana.