Muzee aliacha shamba, akaacha na karatasi

Mwezi uliopita koperative moja ya Kalehe ilipoteza mumoja wa walimaji wake wa kwanza. Familia imekubali tueleze maisha yake, lakini imeomba tusiandike jina. Tutamuita Muzee tu, kwa kuwa ndivyo hata watoto wa jirani walivyomuita. Alikuwa na bibi mumoja na watoto saba. Alilima migomba, maharagi, mihogo na kahawa kidogo. Hakuwa tajiri. Lakini siku ya maziko watu walijaa mpaka ku barabara, na tangu hapo wengi wanatuuliza: yule mutu alikuwa anafanya namna gani?

Migomba yake haikuisha

Ugonjwa wa kunyauka kwa migomba, wenye mafundi wanaita BXW, ulionekana kwetu Kongo mara ya kwanza mu Masisi, mwaka 2001. Ulipofika Kalehe, majani yaligeuka manjano, ndizi zikaiva mbele ya wakati, na ukizipasua unakuta ndani zimeoza. Walimaji wengi walivunjika moyo na kuacha mashamba yao.

Muzee hakuacha. Alikuwa na kijiti chenye panda. Chane ya mwisho ya mukungu ikitokea tu, alivunja lile ua jekundu lenye kuning'inia chini, kwa sababu wadudu wanaokuja kunyonya hapo njo wanabeba ugonjwa. Alitumia kijiti, hakutumia mupanga, kwani mupanga unatoa maji ya mugomba mugonjwa na kuyatia mu muzima. Akiona mugomba mumoja umepatwa, aliukata ule mumoja chini kabisa, karibu na udongo, akaacha wenzake wa shina lile wasimame. Kisha alipitisha mupanga mu moto mpaka chuma kiwe cha kuunguza mukono, njo aguse mugomba mwengine. Alirudi kuangalia shina lile kila wiki. Mbuzi zake zilifungwa mbali na migomba.

Mutu akija kuazima mupanga, alijibu: "Mupanga ni kama brosi ya meno, kila mutu na yake." Watu walicheka, lakini migomba yake ilibaki.

Daftari la nyumbani

Muzee hakusoma. Kila siku ya soko, jioni, alikaa na bibi yake, na binti yao mukubwa anaandika: mikungu mingapi imeuzwa, kahawa kilo ngapi imepelekwa ku koperative, feza gani imetoka. Feza ya masomo ilitengwa mbele ya yote, ya wasichana sawa na ya wavulana. Kisha mbegu, kisha mchango wa koperative. Kasiksi alikunywa, lakini nayo iliandikwa mu daftari! Bibi yake anatuambia: "Sikuwahi kumuuliza feza iko wapi. Nilikuwa naijua."

Mama yule akijifungua, Muzee alikuwa anateka maji mwenyewe. Wanaume walimsema. Aliendelea kuteka.

Siku ya tatu ya kilio

Hapa njo tunaomba musome polepole. Siku ya tatu, ndugu mumoja wa marehemu alikuja na kamba ya kupima. Alisema shamba ni la ukoo, mama arudi kwao, na mabinti hawana sehemu. Tumeona mambo haya mu vijiji vingi: mujane anatoka na watoto, na migomba iliyotunzwa kwa miaka inakatwa mu wiki moja.

Binti mukubwa aliingia ndani akaleta karatasi. Miaka miwili mbele, Muzee alipoanza kuugua, aliita ndugu zake, chefu wa kijiji na komite ya koperative. Walitembea wote ku mipaka, wakapanda miti ya alama, wakaandika sehemu ya mama na ya kila mutoto. Kila mutu alitia kidole. Kidole cha yule ndugu kilikuwa pale. Alikunja kamba yake.

Sheria ya familia ya Kongo, ya mwaka 1987 na iliyorekebishwa 2016, inaweka watoto wa marehemu kuwa warizi wa kwanza, na inawapa robo tatu ya mali, bila kutenga musichana na muvulana. Mujane naye ana sehemu mu ile inayobaki, na ana haki ya kuendelea kukaa mu nyumba waliyoishi na bwana yake. Lakini mutu asiye na karatasi wala shahidi anapata shida kubwa kuifikia haki ile.

Tufanye nini sasa

Kwanza, andikisheni ndoa na watoto ku biro ya etasivili. Pili, tembeeni ku mipaka pamoja na bibi, watoto, ndugu na chefu, na karatasi isainiwe mukiwa bado na nguvu. Tatu, ombeni komite iandike mu kitabu jina la mutu atakayeshika sehemu yenu ya koperative.

Mama yule sasa ni mwanamemba kwa sehemu ya bwana yake, na kile kijiti kiko mu mikono ya mutoto wao wa tano. Kwake na kwa watoto wote saba, tunasema pole sana.